Rafu za Mzee Stoo

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alizeekea kwenye stoo ya idara ya maji, katikati ya mabomba, koki, washa za mpira za kuzuia kuvuja na mita zilizokufa. Mtaa mzima tunamwita Mzee Stoo, na jina hilo analipenda. Ukimwuliza koki ya nusu inchi iko wapi, hakuwa mtu wa kufikiri. Aliondoka tu, mkono ukaanza kunyooka kabla hajafika, akakuletea. Kitu kikishawekwa na mkono wake hakipotei. Hiyo ndiyo sifa yake, na sisemi kwa kumdharau, maana wengine hatuna hata hiyo moja.

Kisha wakamstaafisha, wakampa saa ya ukutani na picha ya pamoja. Mtu wa namna ile ukimrudisha nyumbani asubuhi hadi jioni, nyumba ndiyo inayopata taabu. Vikombe vyote vikageuziwa masikio upande mmoja. Viatu vikapangwa kwa urefu. Chumvi ikahamishwa mara tatu, hadi dada akawa anakula bila chumvi kuepusha maswali. Siku moja nilimtania, "Shemeji, nikitaka kijiko cha sukari nijaze fomu?" Akacheka sana, halafu nikaona anawaza.

Sehemu moja tu ilimshinda: chumba cha nyuma.

Dada alikuwa dobi. Si dobi wa duka lenye kibao na mashine. Alikuwa dobi wa nyumbani, wa beseni, kamba za uani na pasi yenye waya uliozungushiwa utepe. Aliwafulia nesi wa zahanati, mwalimu wa hesabu mwenye suruali za kijivu zisizo na tofauti, dereva wa lori, muuza nyama, na wanaume wapweke wa kila aina ambao hawajui hata sabuni inaingia kabla au baada ya maji. Nguo zao zilikaa kwa mafungu sakafuni. Fungu la chini ya dirisha lilikuwa la nesi. Nyuma ya mlango palikuwa pa mwalimu. Dereva alikaa juu ya kigoda, na muuza nyama alitengwa karibu na mlango wa uani kwa sababu ya harufu. Mgeni akiingia anaona vurugu. Mzee Stoo akiingia alishika kiuno na kushusha pumzi, kama mtu aliyeonyeshwa ajali ya gari.

"Mama watoto, hapa mtu anapataje kitu?"

"Anapata."

"Lakini anakipataje?"

"Wewe umekosa soksi lini?"

Hajawahi kukosa soksi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nitalisema sasa hivi jambo ambalo sisi tulikuja kulijua tukiwa tumechelewa, kwa sababu sitaki mtu asome haya akidhani namsimulia kichekesho. Dada yangu alikuwa anapofuka. Presha ya macho, ndivyo alivyoambiwa na daktari wa kliniki. Ugonjwa huo ni mwizi, hauumi wala hauwashi. Unakula pembeni kwanza, unakuachia tundu la katikati, kisha unaanza kulifunga na lenyewe. Alipewa chupa ndogo za matone, akaambiwa kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki, na asiyakose hata siku moja. Kliniki alikwenda peke yake na akarudi peke yake. Sisi alituambia alikwenda kutafuta sabuni. Alizibandua karatasi zile chupa, akazificha kwenye mfuko wa vibanio ulioning'inia nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna mwanamume aliyewahi kutia mkono.

Sababu ya kuficha ninaielewa, ingawa bado inanitia hasira. Nani atampa dobi asiyeona shati lake jeupe? Na mumewe angejua, siku hiyo hiyo angemkalisha kwenye kiti, mto mgongoni, amlinde kama mita mpya. Dada hakuwa mtu wa kukalishwa. Kufua ndiko kulikomfanya aitwe na kuheshimiwa mtaani, na alitaka kuendelea hadi mwisho wa mwanga wake, basi.

Kwa hiyo akajifunza kufanya kazi kwa miguu na vidole. Zamani kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake, mshono mdogo ndani ya kola au kwenye mkanda wa suruali, ili nguo zisichanganyike majini. Rangi zilipoanza kufanana machoni pake, akaziacha. Akatumia uzi mweupe kwa wote, akawatofautisha kwa mafundo anayoyapapasa kwa ncha ya kidole: nesi fundo moja, mwalimu mawili, dereva matatu. Tuliuona uzi mweupe. Tukadhani rangi nyingine zimemwishia. Na yale mafungu sakafuni, yale yaliyomkera Mzee Stoo, ndiyo yaliyokuwa macho yake. Miguu yake ilijua kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kwenye kigoda, na hakuna siku aliyomkosea mtu hata leso.

Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, akajifungua, na dada akaenda kumsaidia. Alibeba chupa moja ya matone na kuacha nyingine kwenye mfuko wa vibanio. Chumbani aliacha mafungu machache yaliyokwisha kupigwa pasi, kila moja mahali pake.

"Wenyewe wakija wataingia na kuchukua, wanapajua," alimwambia mumewe. "Wewe usiguse kitu."

"Naanzaje kugusa?" akasema Mzee Stoo.

Naapa dada hajafika stendi, mzee tayari alikuwa na futi mkononi.

Akaja kuniita ninakoishi, mlango wa pili kutoka kwao, anahema kama kijana anayetaka kuposa. Alikuwa amechora kwenye boksi la sabuni. Ukuta mzima wa chumba cha nyuma utakuwa na rafu zilizogawanywa visanduku, kila mteja na kisanduku chake, kila kisanduku na rangi yake. Ubao wa pasi utakunjuka kutoka ukutani kwa bawaba. Patakuwa na bomba la kutundikia henga za nguo, matenga mawili ya nguo chafu yenye magurudumu, na juu kabisa rafu nyembamba ya dawa za kufulia.

"Shemeji, huyu mama amenifulia maisha yangu yote," aliniambia. "Mimi nimempa nini? Washa zilizobaki?"

Sikuwahi kumwona na uso ule. Tangu astaafu alikuwa anatembea ndani ya nyumba kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Sasa alipiga randa mwenyewe, akapiga msasa mwenyewe, akaweka pima maji kwenye kila ubao na kungoja kile kiputo kitulie katikati, ndipo anapigilia msumari. Vumbi la mbao lilimjaa kwenye nyusi. Rangi tulichagua pamoja, bluu, kijani, njano, nyekundu ya muuza nyama kwa utani. Mafungu aliyaondoa sakafuni, akafagia, akapiga deki mpaka sementi ikang'aa.

Mfuko wa vibanio aliuona umechakaa. Akaumwaga mezani, vibanio vikasambaa, na katikati yake ikatoka chupa ndogo isiyo na karatasi. Akaifungua, akainusa, akajitonea kidoleni na kusugua.

"Hii nini?"

"Si mafuta ya cherehani?" nikasema.

"Yamekuwa mepesi sana. Yamepoteza nguvu." Lakini Mzee Stoo hatupi kitu. Akaisimamisha juu, rafu nyembamba, kati ya wanga na dawa ya madoa, akaigeuza kidogo ili ilingane na wenzake.

Siku dada aliporudi tulimsubiri mlangoni. Mzee alimpokea mzigo, akamshika mkono. "Fumba macho," akamwambia, "usifumbue mpaka nikwambie." Dada akafumba. Akaongozwa hadi katikati ya chumba, bega lake likagonga nguzo ya rafu njiani, mzee akaomba radhi kwa kicheko.

"Haya, fumbua!"

Akafumbua. Akatazama mbele moja kwa moja, ulipokuwa ubao wa pasi, akautazama kwa muda mrefu kupita kiasi. Mguu wake wa kulia ukasogea taratibu kuelekea dirishani, ukapapasa, haukukuta kitu.

"Mafungu yangu yako wapi?"

"Hakuna mafungu tena, mama! Yamekwisha, umepumzika! Tazama rangi zile, kila mtu na yake, hata mtoto hawezi kukosea."

Dada akanyoosha mkono, akaugusa ubao, akaupapasa ukingo wote uliopigwa msasa. Machozi yakamtoka. "Umefanya kazi kubwa, baba watoto," akasema. "Kazi kubwa kweli." Mzee akalia, na mimi nikalia kwa furaha. Siku hizi nikiona mtu analia, namwuliza kwanza kinachomliza.

Nataka ieleweke kwamba alijaribu. Angeweza kupiga kelele siku ile ile, lakini aliuona uso wa mumewe, kile kipande alichoweza kukiona, akashindwa. Akaanza upya. Akawa anahesabu visanduku kwa vidole kutoka kushoto, akajifunza kwamba cha tatu katikati ni cha nesi, cha chini mwisho ni cha dereva. Nadhani angefaulu. Dada yangu alikuwa na kichwa. Kilichomwangusha ni ustadi wa mumewe. Stoo ya maji ilikuwa na utaratibu kwamba vinavyotoka mara kwa mara vikae mbele, karibu na mkono, na visivyotoka visogezwe juu. Mzee Stoo akaketi uani anaangalia nani amekuja na nani hakuja, na kila baada ya siku chache akawahamisha wateja. Mwalimu akapandishwa. Nesi akaletwa mbele. Rangi ndizo zitakazomwongoza mke wake, ndivyo alivyoamini, na alipopaka upya alimwita aje aone.

"Umeona ilivyo rahisi?"

"Nimeona," anasema dada.

Na ile chupa hakuipata. Ya safarini ilikuwa imekwisha. Alipapasa nyuma ya mlango akakuta mfuko mpya, mgumu, una vibanio vitupu. Alitafuta chini ya meza, ndani ya beseni, kwenye mifuko ya aproni yake. Kumwuliza mumewe angeulizaje? Chupa ya nini? Kwenda kliniki ni safari ya kutwa, na mume sasa yuko nyumbani, atataka kumsindikiza. Akawa anajiambia ataiona kesho. Neno aliloniambia baadaye ni hilo hilo, "nitaiona," na alilisema bila kucheka. Chupa ilikuwa imesimama juu ya kichwa chake muda wote huo, sawasawa na wenzake.

Nguo zikaanza kupotea njia. Mwalimu alifungua kifurushi akakuta fulana ya dereva yenye alama za grisi. Dereva akavaa suruali ya kijivu iliyomwishia kwenye vigimbi, akaja kututania nayo, tukacheka. Kisha pasi ikawekwa mahali meza ya kupigia pasi ilipokuwa zamani, na meza haikuwepo tena, ikaanguka juu ya tenga na kuunguza shati la mtu aliyekuwa anakwenda kuoa. Yule hakuja kututania. Mzee Stoo akaanza kunyamaza wakati wa kula, na alipoongea aliongea kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa vibarua wa stooni.

"Mama watoto, tatizo ni nini? Nimekupangia kila kitu."

"Nimechoka tu."

"Hapa haiwezekani kitu kupotea. Haiwezekani!"

Alikuwa anaitetea rafu. Alimpenda mke wake, sina shaka, lakini mwanamume aliyestaafu na kupewa saa ya ukutani alikuwa amejenga kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kinashindwa mbele ya mtaa.

Asubuhi moja nesi akaingia bila hodi. Nilikuwepo, naanua shuka zangu kwenye kamba yao. Alikuwa na zamu, ameshika kifurushi kilichofunguliwa, na ndani yake palikuwa na koti jeupe la muuza nyama, limefuliwa vizuri na kupigwa pasi, madoa ya kahawia yakiwa bado pale pale kifuani.

"Mama, nimelivua mbele ya wagonjwa," akasema. Hakuwa anafoka, alikuwa karibu kulia. "Nimelivaa kwa haraka, sikuangalia. Mtoto ameniona akaanza kupiga mayowe."

Mzee Stoo akatoka uani mbio. Alitazama koti, akamtazama nesi, aibu ikampanda shingoni hadi masikioni. Akamgeukia dada, aliyekuwa amesimama mbele ya rafu na mkono mmoja juu ya ubao.

"Nesi yuko sanduku gani?"

Dada akavihesabu visanduku kwa vidole. "La kijani."

"Kijani lilikuwa lake juzi, kabla sijamhamisha! Sasa hivi ni bluu. Mbele ya uso wako hapo, bluu, nimepaka mwenyewe. Si unaona?"

"Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni, baba watoto." Aliongea polepole, kama anayemweleza mtoto. "Sioni bluu. Sioni kijani. Wewe mwenyewe nakuona kipande, na leo kipande chenyewe sikipati vizuri. Nilikuwa najua kila kitu kilipo humu ndani. Ukaja ukakihamisha."

Nesi akaweka kifurushi chini. Akamsogelea dada, akampitishia mkono pembeni mwa uso, huku na huku, na dada hakupepesa.

"Mama, unajua una nini?"

"Presha ya macho."

"Unatumia matone?"

"Yaliisha. Kulikuwa na chupa nyingine, kwenye mfuko wa vibanio."

Nilimtazama shemeji. Sikumwona akifikiri. Aliondoka pale alipokuwa, mkono ukaanza kunyooka kabla hajafika, ukapita juu ya wanga na kuishika ile chupa bila kugusa nyingine yoyote. Akaileta. Akaushika mkono wa mke wake, akauweka wazi, akaiweka chupa katikati ya kiganja na kuvifunga vidole vyake, kimoja kimoja. Kisha akakaa chini kwenye ile sementi iliyong'aa.

Kliniki tulikwenda wote watatu. Daktari alipima, akapima tena. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia limebaki na mwanga kama wa chini ya mlango. Mzee Stoo alitaka jibu moja tu: je, ni zile wiki bila dawa? Aliuliza kwa njia tatu tofauti. Daktari akasema ugonjwa ulikuwa umefika mbali, pengine ingekuwa hivyo hivyo. Bora angesema ndiyo. "Pengine" haina rafu ya kuwekwa, na shemeji anazunguka nayo mkononi hadi leo.

Tuliporudi alizing'oa rafu zote kwa nyundo. Misumari aliyoipigilia kwa pima maji ilitoka ikipiga kelele. Halafu akataka kurudisha mafungu, na hapo ndipo nilipomwonea huruma ambayo sikuwa nayo kabla, maana alisimama katikati ya chumba na nguo mikononi, hajui aanzie wapi. Stoo nzima ya maji ilikuwa kichwani mwake, lakini sakafu ile hakuwahi kuitazama. Alikuwa ameona vurugu tu, na vurugu haikumbukwi.

"Ni hapa?" alimwuliza dada.

"Sogeza kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Hapakuwa hapo. Mimi napajua, nesi alikuwa chini ya dirisha, na yeye alikuwa ameweka karibu na kigoda. Dada alijua pia, mguu wake ulikwisha kupagusa. Alikubali tu kila alipoulizwa. Mwisho aliinuka kwenda uani, akajikwaa kwenye fungu alilosema liko sawa, akasema ni kandambili.

Wateja waliondoka kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mwalimu alisema sasa anafua mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Dereva alisema amebadilishiwa njia. Nesi aliendelea kuja, lakini mikono mitupu, kutazama macho. Baada ya muda chumba cha nyuma kikabaki na beseni, pasi ambayo dada haruhusiwi kuishika, na ubao wa pasi uliokunjwa ukutani.

Kwa hiyo nilishangaa nilipowapitia juzi na kukuta mafungu sakafuni, matatu, na dada ameinama juu ya beseni anafua kama zamani. Mzee Stoo alikuwa mlangoni. Akajiwekea kidole mdomoni kuninyamazisha.

"Shemeji, wateja wamerudi," akasema kwa sauti kubwa, ya dada kusikia. "Mwalimu kaleta mashati. Dereva naye."

Nikayatazama yale mashati. Yalikuwa ya shemeji mwenyewe. Yalikuwa masafi, yametolewa kabatini na mikunjo yake, akayakunjakunja kwa mikono ili yaonekane yamevaliwa. Alipotoka kwenda kuteka maji, nilichuchumaa karibu na dada. Alikuwa ameishika kola ya shati moja, anapapasa ndani yake kwa ncha ya kidole. Hapakuwa na fundo hata moja.

"Hiki kifungo nilikishona mimi," akanong'ona. "Hili shati nalifua mara ya nne tangu wiki ianze. Usimwambie kwamba najua."

"Dada, mpaka lini?"

Akalitumbukiza shati majini. "Nikimwambia," akasema, "atabaki na kazi gani?"